Land Cruiser ya petroli, ya dizeli au Discovery 4: ipi itanifikisha Kasulu?

*Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa alizeti hapa Dodoma, nina watoto wanne, na mama yangu mzazi yuko Kasulu. Tunakwenda kumwona mara tatu au nne kwa mwaka, na katikati ya hapo naingia mashambani huko Itigi kwenye vumbi. Nimejichanga ninunue gari kubwa la familia, na nimeonyeshwa matatu. La kwanza ni Land Cruiser 200 ya petroli, injini 4.6, ya mwaka 2012, iko yadi Dar es Salaam, imetoka Japani, inasoma kilomita 97,000. La pili ni Land Cruiser 200 ya dizeli ya 2011, ilikuwa ya mradi, inasoma 284,000, wanaiuza pamoja na faili lake la matengenezo. La tatu ni Discovery 4 ya dizeli, injini 3.0, ya 2013, imetoka Uingereza, inasoma 128,000, ndani ni nzuri mno na bei yake iko chini sana ya hizo mbili. Kila mtu ananiambia Land Cruiser haifi. Ni kweli? Na nitajuaje kabla sijatoa hela?*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la "Land Cruiser haifi", maana ndilo linalowaponza wanunuzi wengi ninaowapokea hapa gereji Arusha.

Walioanza kusema hivyo walikuwa wanalizungumzia gari jingine. Waliendesha zile zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, iliyotoka mwaka 1990 na ambayo utaikuta kwenye ambulansi na hardtop za serikali mpaka leo. Injini ile haina kompyuta inayosimamia mafuta. Pampu yake ni chuma kitupu, nozeli zake fundi wa mji mdogo anazifungua na kuzipima mwenyewe, na ukiitilia dizeli chafu itatoa moshi na kukohoa lakini nyumbani utafika. Mimi nimejifunzia kazi kwenye injini hiyo, na ninaiheshimu.

200 ni kizazi kingine. Ilitoka mwaka 2007, ikaendelea mpaka 2021 ilipokuja 300. Fremu yake, difu zake, giaboksi yake, vyote vimetengenezwa kwa kazi ngumu, na hapo sina ubishi. Lakini juu ya fremu ile ile wameweka injini zenye tabia tofauti kabisa, na magari yenyewe yameishi maisha tofauti: moja limezeeka kwenye lami ya Japani, jingine limekula vumbi la miradi tangu likiwa jipya. Kwa hiyo ukiniuliza kama Land Cruiser ni imara, nitakurudishia maswali matatu. Ni injini ipi? Imeishi wapi, na nani aliyeitunza? Na ikikugomea Kaliua saa kumi jioni ukiwa na watoto, nani wa karibu anaweza kuifungua? Hayo ndiyo nitakayoyapima kwa kila gari ulilonionyesha.

Ya petroli

Injini ya 4.6 unayoitaja ni 1UR-FE. Toyota walianza kuiweka kwenye 200 za soko la Japani mwaka 2009, wakaiondoa ile ya 4.7 ya mwanzo, yaani 2UZ-FE. Tofauti moja kati yao ni kubwa kwako: ya 4.7 ina belti ya taimingi inayotakiwa kubadilishwa kwa wakati wake, na ya 4.6 ina cheni. Ukitajiwa gharama ya belti ya taimingi kwenye gari la 2012, huyo fundi hajawahi kuifungua injini hii.

Haina turbo. Nozeli zake hupuliza mafuta kwenye njia ya hewa kwa presha ndogo, hazina mambo mengi. Kwa maoni yangu hii ndiyo injini ya 200 yenye vitu vichache vya kukufilisi kwa mkupuo. Udhaifu wake ninaoukuta mara kwa mara ni wa maji. Pampu ya maji huanza kuvuja taratibu, na kwa kuwa kulanti ya Toyota, yaani maji ya rejeta, ni ya rangi ya waridi, inaacha ukoko wa waridi au mweupe kuizunguka pampu, unaonekana ukimulika tochi kutoka mbele. Rejeta nayo: tangi lake la juu ni la plastiki, na huwa linapata ufa mwembamba kama unywele upande wa mbele. Mwanzoni hautoi hata tone. Ukipanda mlima na mzigo, presha inaufungua, gari linachemsha. Vyote viwili dawa yake inajulikana na spea zake zinapatikana. Kinachoua ni dereva kuendelea kuendesha mshale wa joto ukiwa juu.

Mafuta inakula. Kwa safari zako hesabu kilomita 6 au 7 kwa lita.

Hofu yangu kwenye gari hili si injini, ni zile 97,000. Inawezekana kabisa ni za kweli, maana Wajapani wengi hawaendeshi sana. Lakini kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine. Omba vitu viwili. Kwanza, karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye mchoro wa gari na alama zake: A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu. Ukiona daraja la gari limeandikwa R badala ya namba, lilishapata ajali na kutengenezwa. Pili, cheti cha kuliondoa gari kwenye usajili wa Japani, kwa kuwa humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Mwenye yadi akikwambia karatasi zimepotea, bei aliyokutajia ni ya gari lenye karatasi, si ya hilo.

Kisha fungua mlango wa dereva ukague ubavuni, kwenye nguzo ya mlango. Gereji za Japani hubandika pale stika ndogo kila zinapobadilisha oili, na huandika tarehe na kilomita. Madalali wengi husahau kuitoa. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa hesabu za kwao: kwa namba za enzi ya Heisei unaongeza 1988, kwa hiyo 28 ni 2016. Niliwahi kukagua gari kwa ajili ya mteja, dashibodi inasoma 86,000, ndani safi, usukani umevalishwa ngozi mpya. Nikakwaruza uchafu kwenye nguzo ya mlango, ikatokea stika ya bluu iliyofifia, imeandikwa 143,000. Muuzaji aliitazama, akanyamaza, akafunga mlango.

Usiondoke bila kulala chini na tochi. Magari yaliyoishi mikoa ya theluji kama Hokkaido hupigwa na chumvi inayomwagwa barabarani, na kutu yake huanzia kwenye mapaipu ya breki, bolti za bushi na ndani ya fremu, mahali ambapo rangi mpya nyeusi ya yadi inaficha. Chukua bisibisi, gonga fremu polepole. Sauti ya chuma kizima unaijua.

Ya dizeli

Hili ndilo gari linalohitaji umakini mkubwa kuliko yote matatu, na ndilo watu wanalolikimbilia.

Injini yake ni 1VD-FTV, V8 ya lita 4.5 yenye turbo mbili. Jambo la kwanza ulijue: Toyota hawakuuza 200 ya dizeli nchini Japani. Kule ilikuwa petroli tu. Ukiambiwa dizeli imetoka "Japani moja kwa moja", uliza tena ilitoka wapi hasa. Hiyo ya kwako ya mradi haina utata huo, iliingia mpya kwa ajili ya kazi, na hilo ni jema.

Nguvu inayo, na njiani itakupa kilomita 8 mpaka 9 kwa lita. Lakini nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa sana na zinasimamiwa na kompyuta. Si zile za 1HZ. Maji kidogo kwenye dizeli, au dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, zinaharibika, na ziko nane. EWURA, wasimamizi wa nishati nchini, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, alama ya kugundua uchakachuaji, na hali imekuwa afadhali sana, ila gari la mradi limejaza mafuta ya madumu huko vijijini mara ngapi, hakuna ajuaye. Pia baadhi ya injini hizi za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kunywa oili. Inabeba zaidi ya lita 9, kwa hiyo inaweza kupungua sana kabla mwenye gari hajashtuka.

Adui mwingine ni vumbi lenyewe. Nitakusimulia nilichokiona, maana kinakuhusu wewe wa Itigi. Aliletwa mzee mmoja na 200 ya dizeli, malalamiko yake ni kwamba gari limepoteza nguvu na linapunguza oili. Filta ya hewa ilikuwa mpya, inang'aa. Nikafungua bomba linalotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye turbo, nikaingiza kitambaa cheupe mkono mzima, nikakizungusha. Kilitoka na rangi ya tofali. Upande ule ni wa hewa iliyokwisha kuchujwa, hapatakiwi hata chembe. Filta ilikuwa haijakaa sawa kwenye boksi kwa muda mrefu, labda tangu siku moja fundi mwenye haraka alipoifunga vibaya. Vumbi laini lilikuwa limepita, likasaga mapanga ya turbo, likaingia kwenye silenda, likala ringi za pistoni. Gari lilikuwa na rangi nzuri na matairi mapya. Injini ndiyo iliyokuwa imekwisha.

Kwa hiyo kitambaa hicho uende nacho. Fundi wako afungue bomba hilo kabla hamjazungumza bei. Likitoka safi, endeleeni. Likitoka na vumbi, shukuruni, mwondoke.

Sasa faili. Kilomita 284,000 zenye faili zinanipa amani kuliko 97,000 zisizo na karatasi, lakini faili lazima lisomwe. Tazama tarehe na kilomita vinavyofuatana: service za oili kila kilomita 5,000 kwa barabara zetu ni utunzaji mzuri, ukikuta limeruka kutoka 140,000 hadi 165,000, uliza gari lilikuwa wapi. Halafu tafuta mabaya. Gari lililotembea kiasi hicho vijijini lazima liwe limebadilishiwa shokapu, bushi, bolijointi, pengine alteneta na hata nozeli. Faili lisiloonyesha chochote zaidi ya oili na filta limejazwa mezani. Mimi nafurahi nikiona risiti ya nozeli nane mpya kwenye 220,000, kwa kuwa maana yake mwenzio ameshalipa.

Fundi mwenye mashine ya Toyota asome nozeli moja moja injini ikiwa imepata moto. Mashine inaonyesha kila moja inasahihishwa kwa kiasi gani, na iliyochoka inaonekana imejitenga na wenzake. Afungue pia kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: mvuke hafifu ni kawaida, ila pumzi inayosukuma kama jiko linalochemka ni ringi zilizochoka.

Na kuna jambo la kodi. Kama lilikuwa na namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, huenda liliingia nchini kwa msamaha. Msamaha huo ulikuwa wa mradi, haukurithishi wewe. Pata uthibitisho wa TRA, mamlaka ya mapato, kwamba ushuru umelipwa au ujue utalipa kiasi gani, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Nimeshuhudia mtu akinunua gari kwa bei ya kutupa, kisha ushuru ukamfanya alipe kuliko jirani yake aliyenunua yadi.

Discovery 4

Nakuelewa ulivyolipenda. Viti saba ambavyo mtu mzima anakaa kweli, ukimya ndani, mlio wa barabara hausikiki. Kwa safari, ni gari tamu kuliko 200, nasema hivyo bila kificho.

Lakini rudi uangalie dashibodi. Limetoka Uingereza, na kule wanahesabu maili. Maili 128,000 ni karibu kilomita 206,000. Sijui kama aliyekuonyesha hakukwambia kwa kusahau au kwa kusudi, ila bei hiyo ya chini sasa ina maelezo.

Kwa umbali huo, belti za taimingi zimekwisha kupita wakati wake waliopanga kiwandani. Ziko mbele, na kuna nyingine nyuma ya injini inayoendesha pampu ya mafuta. Dai risiti ya zote. Jingine ni kubwa zaidi: injini hizi za V6 za dizeli, 2.7 na 3.0, zinajulikana duniani kote kwa kuua beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, na nyingine krenki yenyewe hukatika. Mara nyingi haitoi onyo la maana. Gari linakwenda vizuri asubuhi, mchana linagonga na kuzima. Gari linaelea kwa hewa badala ya springi, na kompresa ya hewa ikichoka linalala chini. Nafasi ya kufanyia kazi ni ndogo kiasi kwamba kwa kazi kama ya turbo mafundi wengi huona afadhali wanyanyue bodi nzima kutoka kwenye fremu. Fikiria kazi hiyo Urambo.

Kuna zuri moja: historia yake haifichiki. Kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza unaweza kuandika namba za kule na kusoma bure ukaguzi wake wa kila mwaka, yaani MOT, pamoja na maili zilizosomwa na makosa yaliyokutwa. Kule gari huanza kukaguliwa likitimiza miaka mitatu. Ukiona wakaguzi wameandika kutu kwenye fremu au mapaipu ya breki miaka miwili mfululizo, unajua la kufanya.

Kama ungekuwa Dar es Salaam, safari zako za mjini, na una fundi wa Land Rover unayemwamini na pesa ya akiba, ningekuwa na maneno mengine. Kwa njia ya Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua mpaka Uvinza na watoto nyuma, mimi singelichukua hata kwa nusu ya bei hiyo.

Ningechagua lipi

La petroli, endapo karatasi zake zitalingana na dashibodi na chini hakuna kutu. Najua watu watakushangaa kwa sababu ya mafuta, kwa hiyo chukua hesabu uwaonyeshe. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, petroli kwa 6.5 itakula kama lita 2,300, dizeli kwa 8.5 kama lita 1,760. Tofauti ni lita 500 na ushee. Itakuchukua miaka mingi kuokoa kwa lita hizo pesa ya seti moja ya nozeli nane orijino, sijagusa turbo. Dizeli ile inalipa kwa anayetembea kilomita 40,000 au 50,000 kwa mwaka. Wewe si huyo.

Karatasi za petroli zikikosekana au zikipishana, nenda kwenye dizeli ya mradi, kwa masharti ya kitambaa, mashine na TRA. Yote mawili yakishindwa, subiri. Hela iliyo benki hainywi oili.

Wengine wameniuliza kama wajibane zaidi wapate 300 kwa kuwa ni mpya. Ni gari zuri, ila jina peke yake halikulindi hata huko. Mwaka 2024 Toyota waliita magari takribani 102,000 ya Tundra na Lexus LX nchini Marekani kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yalibaki ndani ya injini na yangeweza kuharibu beringi. Ni V6 ya petroli ya lita 3.5 yenye turbo mbili, familia ile ile ya injini iliyo kwenye 300 ya petroli. Walikubali kosa, lakini anayeinunua mkononi lazima aulize.

Lolote utakalochukua, usimalize hela zote kwenye bei. Baki na angalau sehemu moja ya kumi kwa ajili ya miezi mitatu ya mwanzo: oili zote, pamoja na za giaboksi na difu, kulanti, mpira wowote uliokakamaa, betri, matairi. Mwambie fundi abadilishe hata kama muuzaji anaapa yamebadilishwa.

Kuhusu kwenda kulitazama: nenda Jumamosi, ufike saa moja asubuhi, na usiku wa kuamkia siku hiyo mpigie mwenye yadi umwombe asiliwashe kabla hujafika. Injini inasema ukweli ikiwa baridi. Moshi wa bluu wa sekunde chache za mwanzo, mgongano wa cheni, nozeli inayorukaruka, vyote hujificha injini ikishapata moto. Mashine ya kupimia iunganishwe kabla ya kuendesha. Mara nyingi huonyesha gari limetembea umbali gani tangu kumbukumbu za makosa zifutwe, na kama ni kilomita tano, mtu alizifuta jana. Kisha liendeshe wewe mwenyewe, angalau saa nzima, uingie mahali pa vumbi, weka gia ya chini ya 4x4 na ufunge difu ya kati uone taa zake zinawaka na kuzima. Ukirudi, liache linaunguruma dakika kumi na kiyoyozi kikiwa juu, macho yako kwenye mshale wa joto.

Ila kabla ya yote hayo, ukifika tu, kabla hata hujasalimiana vizuri na watu, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ina joto, mwambie utarudi Jumamosi nyingine.